Majirani Walioua, Majirani Waliookoa

Mwaka 2002, miaka minane baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwanachuoni wa siasa kutoka Marekani, Scott Straus, alikuwa akizunguka katika magereza ya Rwanda, akiketi na wafungwa waliovaa nguo za rangi ya waridi, mmoja baada ya mmoja, na kuwauliza maswali ambayo huenda mtu mwingine angeyaona ni upuuzi kumuuliza muuaji: uliishi vipi na jirani yako Mtutsi kabla ya vita, je, ungeridhia mwanao aoe katika nyumba yake, nani aliyekuja kukuita siku ile, naye alisema nini. Wafungwa hao, 210 kwa jumla, hawakuteuliwa kwa matakwa ya mtafiti bali kwa bahati nasibu, miongoni mwa watu waliokwisha kuhukumiwa na ambao wenyewe walikiri makosa yao. Wengi walikuwa wakulima, wanaume wenye wake na watoto, ambao umri wao na elimu yao havikutofautiana sana na vya wanaume wengine wa vilima vyao. Na walipoulizwa habari za jirani zao, sehemu kubwa walijibu kwamba waliishi nao kwa wema, na wengine kwamba walikuwa wameoleana.

Msomaji ana haki ya kushuku, kwa kuwa muuaji aliye kifungoni ana kila sababu ya kujitakasa mbele ya mgeni mwenye kalamu. Straus mwenyewe alishuku, na ndiyo maana alilinganisha maneno ya wafungwa na kumbukumbu nyingine, tena akarudi katika vilima kadhaa kusikiliza habari zile zile kutoka kwa walionusurika na kwa viongozi. Lakini lililo na uzito zaidi ni kwamba watafiti waliomfuata, kwa njia zisizofanana na yake, wamefikia mahali karibu na pale alipofika yeye. Wauaji wengi hawakutaja chuki kuwa ndiyo iliyowatoa nyumbani. Walitaja hofu ya kuadhibiwa na Wahutu wenzao endapo wangekataa. Walitaja vita, na hofu iliyowaingia baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Na walitaja amri, yaani kwamba mkubwa wa mtaa alisema, na mkubwa akisema hufanywa. Chuki ilikuwapo, hasa kwa wale waliotangulia mbele na kuwasukuma wengine, wala hapana haja ya kuificha. Ila haikuwa lazima iwemo katika moyo wa kila aliyeshika panga.

Jawabu hili huudhi, nami nakiri kwamba huniudhi. Ingekuwa afadhali kwetu sote kama walioua wangekuwa watu wa namna ya peke yao, kwa kuwa hapo amani ingetimia kwa kuwajua watu hao na kuwatenga. Hata hivyo tangu zamani yamekuwapo majibu mawili mepesi zaidi, na yafaa yapitiwe kabla hatujarudi katika vilima vya Rwanda: moja lasema kwamba Waafrika wa Maziwa Makuu walikuwa na uadui wa kikabila tangu azali, na la pili lasema kwamba kuua kumo katika damu ya mwanadamu yeyote, kukingojea nafasi tu. Jibu la kwanza halihitaji wino mwingi. Wahutu na Watutsi walisema lugha moja, walikaa vilima vimoja na kuabudu katika makanisa mamoja; na utambulisho ulioandikwa katika vitambulisho na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, ukarithiwa na serikali za baada ya uhuru, una tarehe, una wino na una wakubwa waliouandika.

Jibu la pili lina hoja, na hoja zake nyingine zimetoka karibu nasi. Mwaka 1963 Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria wa tabia za wanyama, alitoa kitabu kilichodai kwamba ukali ni silika ambayo hujikusanya ndani ya kiumbe hadi ipate pa kumwagikia, na kitabu hicho kikasomwa ulimwenguni pote. Miaka kumi na moja baadaye, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika msitu wa Gombe mkoani Kigoma, watu waliokuwa wakifanya kazi na Jane Goodall waliona jambo ambalo hawakulitarajia: sokwe madume wa kundi la Kasakela walianza kuwavizia wenzao wa kundi la Kahama, waliokuwa wamejitenga nao, na kuwaua mmoja mmoja, mpaka kufikia mwaka 1978 kundi la Kahama likawa halipo tena. Wako waliosema kwamba ugomvi ule uliletwa na ndizi ambazo watafiti walikuwa wakiwapa sokwe. Lakini mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake wengi walikusanya habari za makundi 18 ya sokwe mtu, wakahesabu mauaji 152 yaliyoonekana au yaliyodhaniwa, na wakasema kuwa kuingiliwa na binadamu hakukutosha kuyaeleza. Kisha ikaja mifupa ya Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, ambayo Marta Mirazón Lahr na wenzake waliieleza mwaka 2016: watu 27 walioishi kiasi cha miaka 10,000 iliyopita kando ya ziwa, ambao miongoni mwa mifupa yao 12 iliyobaki karibu kamili, 10 ilikuwa na dalili za kifo cha nguvu, mafuvu yaliyopondwa na ncha za mawe zilizonasa mwilini. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya baadhi ya majeraha hayo, na ubishi huo ni wa haki.

Dhidi ya jibu hili la pili, wanazuoni 20 waliokutana Seville, Uhispania, mwaka 1986, waliandika tamko kwamba si sahihi kwa mizani ya elimu kusema kuwa vita vimo katika urithi wa maumbile yetu, na UNESCO ikalipitisha tamko hilo mwaka 1989. Kwa maoni yangu pande hizi mbili hazigombani sana kama zinavyodhani. Gombe na Nataruk zaonyesha kwamba kuua kwa makundi kumo katika uwezo wetu. Lakini uwezo, hata ukithibitishwa mara elfu, hauwezi kumwambia mtu kwa nini kilima kimoja kiliwaka tarehe 7 Aprili na kilima cha pili kikakaa kimya kwa majuma mawili. Na katika Rwanda jambo hilo ndilo lililotokea.

Katika mkoa wa Butare, kusini mwa nchi, mkuu wa mkoa alikuwa Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee aliyekuwa na cheo hicho katika Rwanda nzima. Mauaji yalipoanza Kigali na kwingineko, yeye alizunguka akifanya mikutano na kuwatuliza watu, na sehemu kubwa ya mkoa wake ikatulia, ingawa mipakani moto ulikuwa umekwisha kuingia. Serikali ya muda ilimwondoa tarehe 17 Aprili. Siku mbili baadaye rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, alifika Butare na kutoa hotuba ya kuwakaripia wale waliojifanya kwamba jambo hili haliwahusu. Na baada ya hotuba hiyo mkoa uliokuwa umetulia ukageuka kuwa miongoni mwa mahali palipouawa watu wengi kupita kiasi. Mkuu wa mkoa aliyeondolewa aliuawa naye. Ama komuni ya Giti, upande wa Byumba, yenyewe haikufanya mauaji hayo: mkuu wake, Edouard Sebushumba, alikataa, akawakamata waliotaka kuanza fujo, na majeshi ya waasi wa RPF yakafika mapema kabla mkono wake haujachoka. Kama chuki ya kale au silika ya mnyama ingetosha, Butare isingengoja hotuba, wala Giti isingesalimika. Watu wa Butare hawakuwa na damu nyingine kabla ya tarehe 19 na damu nyingine baada yake.

Kilichokuwapo badala yake ni idara ya serikali. Rwanda ya wakati ule ilikuwa nchi iliyopangwa kwa daraja zilizoshuka kutoka mkoa hadi komuni, kutoka komuni hadi sekta na seli, na chini yake mkubwa wa nyumba kumi, aliyeitwa nyumbakumi kwa Kiswahili hasa. Na wakulima walikuwa wamezoea kuitwa na daraja hizo kwenda kazi za umma, kuchimba mitaro na kutengeneza barabara. Alison Des Forges, mwanahistoria wa Marekani ambaye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1999 kingali msingi wa utafiti huu, alionyesha kwa nyaraka za serikali yenyewe namna chombo kile kile kilivyotumiwa kuita watu vizuizini na katika misako. Mtu hakuulizwa anachukia nani. Aliulizwa kwa nini hakuonekana jana.

Omar McDoom, mtafiti wa London School of Economics, alitaka kujua swali hili lilimfikia nani na kwa njia gani. Alichagua sekta moja ya kusini, akachora ramani ya nyumba zake zote, akatia alama kila nyumba iliyotoa mshiriki wa mauaji na kila nyumba ambayo haikutoa, kisha akapima umbali. Jambo lililojitokeza katika ramani ile ni la kutisha kwa wepesi wake: mtu aliyekaa karibu na nyumba ya mshiriki alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushiriki yeye mwenyewe, na mtu ambaye katika kaya yake tayari alikuwamo mshiriki alikuwa na uwezekano mkubwa kupita huyo. Katika utafiti uliofuata alionyesha kwamba walioshiriki hawakuwa wapweke wala wahuni wasio na jamaa, kama tulivyozoea kuwadhania wahalifu. Walikuwa na ndugu wengi na mafungamano mengi kuliko wenzao ambao hawakushiriki. Sisi tuliolelewa kusifu ujamaa na ujirani hatuna budi kulisoma neno hili mara ya pili. Kamba iliyomvuta mtu katika mauaji ilikuwa shemeji, mjomba, na mtu wa nyumba ya pili.

Lee Ann Fujii, aliyefariki mwaka 2018 akiwa bado na mengi ya kuandika, aliketi kwa miezi mingi katika vijiji viwili na magereza yake, na kitabu chake cha mwaka 2009 kina habari ambayo kwangu ni yenye thamani kuliko takwimu. Alikuta watu ambao wakiwa katika kundi waliua, na wakiwa peke yao wakakutana na rafiki Mtutsi njiani, walimwacha apite, au walimwonyesha pa kujificha, kisha kesho yake wakarudi katika kundi. Mtu huyo huyo, mkono huo huo. Asingekuwa mtu wa kundi, pengine asingeua. Na kundi lilimfanya awe mtu wa kundi kwa kumwuzia hatia ile ile waliyokuwa nayo wao.

Wengine wametafuta sababu katika ardhi, kwa kuwa Rwanda ni nchi iliyosongwa na watu kuliko karibu nchi zote za bara letu. Wachumi wawili wa Ubelgiji, Catherine André na Jean-Philippe Platteau, walikuwa wamechunguza eneo la Kanama, kaskazini-magharibi, tangu mwaka 1988 hadi 1993, wakaona mashamba yaliyogawanywa mpaka yakawa vipande, baba na wana wakishtakiana, mayatima na wajane wakinyimwa haki. Mwaka 1994 watu waliuawa hapo pia, ingawa karibu wakazi wote walikuwa Wahutu. Kwa hiyo njaa ya ardhi haichagui adui. Huandaa ugomvi, na mwenye mamlaka huupa ugomvi huo jina na anwani.

Na redio je? Hapana mgeni afikaye Kigali asiyeambiwa habari za RTLM, kituo kilichoanza kutangaza Julai 1993, kikachanganya muziki mzuri na mizaha na majina ya watu wa kuwindwa. Msweden mmoja, David Yanagizawa-Drott, alifanya utafiti wenye akili juu ya kituo hicho, uliotoka mwaka 2014: kwa kuwa Rwanda ni nchi ya vilima, na mawimbi ya redio huzuiwa na vilima, viko vijiji vilivyopata sauti ya RTLM na viko vilivyoikosa, kwa ajali ya jiografia tu, akalinganisha hesabu ya walioshitakiwa katika vijiji vya namna hizo mbili, na akakadiria kwamba kiasi cha sehemu moja katika kumi ya ushiriki wote ilitokana na redio hiyo. Straus kwa upande wake hutilia shaka uzito wa redio, kwa kuwa wengi wa aliowahoji walisema waliitwa kwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni, si kwa sauti ya chombo. Mimi naona sehemu moja katika kumi ni watu wengi mno kwa kosa la kipaza sauti, na pia naona kwamba sehemu tisa zinabaki. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha haikungoja hesabu hizi. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura.

Jina la Ngeze, ambaye alikuwa Mwislamu, lanipeleka mahali ambapo Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu katika kadhia hii, nami nitakaa hapo kidogo. Kigali iliasisiwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na pamoja naye walikuja askari na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu. Wabelgiji walipoitwaa nchi waliwakusanya katika mtaa wa Biryogo, ulio chini ya Nyamirambo, na kwa miaka mingi watu hao na vizazi vyao walitazamwa kama wageni katika nchi iliyokuwa mali ya kanisa na serikali. Shule nyingi zilikuwa za misheni, ofisi zilikuwa za waliosoma katika shule hizo, na watu wa Biryogo wakaishi kwa duka, kwa gari na kwa gereji. Mwaka 1994 Waislamu wengi, Wahutu kwa Watutsi, walifichana, na mitaa yao ikawa kimbilio la watu wasio wa dini yao. Jambo hili limeandikwa na watafiti kadhaa, akiwamo Anne Kubai, na baada ya vita lilikuwa miongoni mwa sababu za wengine kusilimu. Halikuwa kwa Waislamu wote, na Ngeze ni shahidi wa hilo. Wala sitaki dini yoyote ijivike taji katika msiba huu. Lakini ukilisoma pamoja na ramani ya McDoom, lina maana. Watu wa Biryogo walikuwa na mtaa wao, ndoa zao zilizochanganyika, masheikh wao, na mamlaka ambayo hayakupokea mshahara kutoka kwa mkuu wa komuni. Alipokuja mwita kazi, walikuwa na baraza la pili la kuuliza.

Jambo hili hili limeonekana kwa mwokozi mmoja mmoja. Nicole Fox na Hollie Nyseth Brehm walizungumza na waokoaji kadhaa, wakaandika mwaka 2018 kwamba waliookoa hawakuwa malaika. Walikuwa watu wenye nafasi ya kufanya hivyo, wenye mafungamano na waliokimbia, na mara nyingi wenye wazee waliowahi kuficha watu katika machafuko ya 1959 dhidi ya Watutsi na baada yake. Zura Karuhimbi, bibi mganga wa upande wa Ruhango aliyefariki Desemba 2018, alikuwa mmoja wa namna hiyo: familia yake ilificha watu mwaka 1959, na mwaka 1994 yeye aliwajaza watu zaidi ya mia katika nyumba yake na kiunga chake, akajipaka dawa ya majani yenye kuwasha, na wanamgambo wa Interahamwe walipokuja aliwagusa kwa mikono yake ili ngozi iwawashe, akitikisa bangili zake na kuwaapiza kwamba wakiingia wataifungua ghadhabu ya mizimu. Wauaji, ambao hawakuogopa kanisa lililojaa watoto, walirudi nyuma. Rais Paul Kagame alimvika nishani mwaka 2006.

Sasa, kama mauaji yalitembea katika mafungamano ya watu na katika dhana yao juu ya lile ambalo wenzao watalikubali, je, amani nayo yaweza kutembea katika njia hiyo? Swali hili lilijaribiwa Rwanda kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianza kutangaza mchezo wa redio kwa Kinyarwanda, Musekeweya, wenye vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana kwa ajili ya ardhi na njaa. Yumo kiongozi mchochezi, Rutanagira, na wamo wapenzi wawili, Batamuriza na Shema, kila mmoja wa kijiji chake. Mchezo haukutaja Hutu wala Tutsi, na hakuna msikilizaji aliyehitaji kutajiwa. Elizabeth Levy Paluck, mwanasaikolojia kijana wakati huo, alizigawa jamii mbalimbali, za raia wa kawaida, za walionusurika, za Watwa na za wafungwa, katika mafungu mawili: fungu moja likasikiliza Musekeweya kwa mwaka mzima, na la pili likasikiliza mchezo mwingine, wa habari za afya. Mwisho wa mwaka akawapima.

Imani za watu hazikubadilika sana. Waliosikiliza Musekeweya hawakuzidi wenzao katika kuamini, mathalani, yale ambayo mchezo ulifundisha juu ya asili ya uhasama. Kilichobadilika ni fikira zao juu ya nini ni desturi na nini kinaruhusiwa katika jamii yao: kuoana na watu wa upande mwingine, kuaminiana, kusema hadharani kwamba hukubaliani. Na matendo yao yalibadilika pia. Katika karamu ya kuagana, kila jamii ilipewa zawadi ya redio moja ya kaseti pamoja na kanda za michezo waliyosikiliza, na mtafiti akasikiliza watakavyoamua kuitumia. Jamii zilizosikiliza mchezo wa afya mara nyingi zilipendekeza redio akabidhiwe mkubwa wa mahali, na shauri likaishia hapo. Katika jamii za Musekeweya mtu alisimama kupinga: kwa nini tumpe yeye, wakati sisi wenyewe twaweza kuitunza? Wakajadiliana, wakapangiana zamu. Utafiti ulitoka mwaka 2009, na katika yote niliyosoma juu ya jambo hili, hakuna tukio linalonipa matumaini kama mabishano yale juu ya redio. Kwani watu waliozoea kumwachia mkubwa kila kitu, pamoja na dhamiri zao, ndio waliofikishwa kwenye maafa ya mwaka 1994.

Gacaca ni habari nyingine, na haina utamu huo. Mahakama hizo za majani, kiasi cha 12,000 nchi nzima, zilizosimamiwa na wazee waaminifu waitwao inyangamugayo, ziliendelea kwa majaribio tangu 2002, zikaenea kote mwaka 2005, na zilifungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012 zikiwa zimeamua kesi karibu milioni mbili. Hapana mahakama ya kawaida ambayo ingeweza. Wengi tuliamini, kwa kuwa twapenda kuamini, kwamba kusema kweli huponya. Karen Brounéus wa Sweden aliwapima Wanyarwanda 1,200, akakuta kwamba waliotoa ushahidi katika gacaca walikuwa na huzuni na majeraha ya akili zaidi kuliko wasioshuhudia. Patrick Kanyangara na wenzake walikuta jambo linalofanana na lile, pamoja na kinyume chake: baada ya gacaca machungu ya pande zote yaliongezeka, lakini wakati huo huo kila upande ulipunguza dhana zake mbaya juu ya upande wa pili. Jamii ilifaidika, na gharama akailipa mjane aliyesimama mbele ya watu kueleza alichokiona.

Dk. Naasson Munyandamutsa, mmoja wa madaktari wa kwanza wa maradhi ya akili nchini, aliijua gharama hiyo kwa idadi. Yeye na wenzake waliwapima watu kote nchini na kutangaza mwaka 2012 kwamba 26.1 kwa mia kati yao walikuwa na dalili za majeraha ya akili yaliyosababishwa na msiba, miaka kumi na minne tangu msiba upite. Alifariki mwaka 2016. Kazi aliyoiamini zaidi haikuwa ya vidonge peke yake: ilikuwa ni kuwaketisha watu kwa mazungumzo ya muda mrefu, kama yalivyofanywa na taasisi alizoshiriki, na kama ilivyoanzishwa Byumba mwaka 2005 katika vikundi vya tiba ya jamii ambamo mnusurika, mke wa mfungwa na mfungwa aliyetoka hukutana wiki baada ya wiki, kwanza kwa kuzungumza juu ya usalama na kuaminiana, wala si juu ya mwaka 1994.

Serikali ina vipimo vyake. Kipimo cha upatanisho cha tume ya umoja na maridhiano kilitoa 92.5 kwa mia mwaka 2015 na 94.7 mwaka 2020. Sina sababu ya kusema kwamba nambari hizo ni uongo, lakini mtu ajuaye kwamba jirani hujibu kwa kadiri ya dhana yake juu ya jawabu litakiwalo, na Rwanda ndiyo iliyotufundisha hilo kuliko nchi yoyote, hatazisoma kama hesabu ya mvua. Ni kipimo cha desturi. Na kwa mujibu wa Paluck desturi ndiyo inayobadilika kwanza, basi labda si haba.

Waliohukumiwa na gacaca vifungo vya miaka 20, 25 na 30 wanatoka sasa, wazee wenye mvi, wakirudi katika vilima vile vile, na Hollie Nyseth Nzitatira, ndiye yule yule aliyeandika juu ya waokoaji, amekuwa akiwahoji kabla hawajatoka na baada ya kutoka. Wengine hawakurudi kwao. Katika Bugesera, kusini mwa Kigali, kiko kijiji cha Mbyo, kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Prison Fellowship Rwanda, ambamo walioua na kukiri walijenga nyumba pamoja na walionusurika, na leo wanakaa mlango kwa mlango. Wageni huletwa hapo kusikiliza maneno ya msamaha, na maneno hayo yana nafasi yake. Mimi ningependa zaidi mtafiti mmoja aje na ramani ya McDoom, achore nyumba za Mbyo kwa vipimo vile vile, apime nani anamwazima nani jembe, nani anamwita nani mtoto akiumwa usiku, na nani akipita husalimiwa na nani, kisha alinganishe na kilima kingine ambacho watu wake waliachwa warudiane wenyewe bila mjenzi.